Mama wa Golikipa

Barua ya chuo ilikuja kwenye simu, imepigwa picha kimshazari, na Makongoro aliisoma mara tatu kabla ya kumpa mkewe aione. Ilisema kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi chuo cha ualimu cha Bunda kitacheza mpira na wenzao kutoka Musoma, na kwamba wachezaji wa mwaka wa mwisho wataingia uwanjani na wazazi wao. Kila mzazi atamvika mwanawe jezi mbele ya watu. Nafasi ni ya mzazi mmoja tu. Chini ya barua palikuwa na fomu ya jina la mzazi, imejazwa kwa mwandiko wa Mugeta, mdogo wake Makongoro, ambaye ndiye golikipa wa chuo: Bi. Boke, Butiama.

Debora alilitazama jina hilo, kisha akamtazama Boke mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akikombeleza uji kwa kidole. Boke alikuwa na miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka wiki ileile.

"Amemwandika huyu?" Debora aliuliza.

"Kwani ana mama mwingine?" alisema Makongoro.

Boke mkubwa, aliyewazaa Makongoro na Mugeta, alifariki miezi miwili kabla ya Debora kujifungua. Mtoto alipozaliwa wa kike alipewa jina lake, na katika ukoo ule jina halitembei peke yake, linakuja na heshima zake zote. Makongoro alimwita binti yake mama. Mugeta, kijana wa futi sita, alimwita mama na kumpokea kikombe kwa mikono miwili, naye Boke alimwita mwanangu na kumuuliza kama amekula. Debora, aliyembeba tumboni miezi tisa na kulia siku nzima kumtoa, alikuwa mkamwana wake. Siku alipomchapa kwa kumwaga unga, jirani yao Benedikta alichungulia juu ya ua akauliza ni mwanamke gani huyo asiye na adabu anayempiga mkwewe asubuhi yote ile.

"Basi mpeleke mama yako," alisema Debora.

"Jumamosi tunamwaga zege pale shuleni. Fundi mkuu nikikosekana watalifanya uji. Utampeleka wewe."

"Mimi niende kama nani?"

"Kama mkamwana. Mzee hasafirigi peke yake." Makongoro alicheka mpaka akakohoa, na Boke akacheka kwa kuwa baba yake anacheka.

Debora hakucheka. Alichukua masufuria akaenda nje kuyaosha, akayasugua kuliko yalivyohitaji. Roho ilimuuma, na hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Mugeta alikuwa na miaka kumi na tano mama yake alipofariki. Nani alimwamsha kwenda shule? Nani alizishona kaptula zake zilizochanika kwa kudaka mipira kwenye changarawe? Nani alikaa sokoni na beseni la dagaa ili kijana apate daftari, huku tumbo la mimba ya Boke likimgonga magoti? Mara moja aliitwa shuleni kwenye kikao, akavaa gauni lake zuri, akapanga foleni hadi mbele. Mwalimu akamuuliza yeye ni nani wa Mugeta. Akasema shemeji. Mwalimu akasema tunataka mzazi, akamwita aliyefuata. Debora alirudi nyumbani kwa miguu akasema kikao kimeahirishwa, na hadi leo Makongoro anaamini kiliahirishwa.

Na sasa Mugeta mwenyewe, kwa kalamu yake, amemwandika mtoto asiye na meno.

*

Wiki mbili zilizofuata Boke alifanya mazoezi. Alikuwa amesikia kwamba atamvika mwanawe nguo mbele ya watu, akaichukua kazi hiyo kwa uzito wote. Alianza na dumu la maji. Akahamia kwenye nguzo ya ua. Siku ya Jumatano alimvika ndama shati la kanisani la Makongoro, akafanikiwa kuingiza kichwa na mguu mmoja, na ndama akaona heri aende zake. Watu wa barabarani walisimama kumtazama ndama mwenye kola akipita mbio kuelekea kwa fundi baiskeli, na nyuma yake mwanamke mwenye mwiko mkononi, na nyuma ya mwanamke mtoto anayepiga kelele kwamba bado vifungo.

"Hauwezi kumvisha ng'ombe shati la baba yako," Debora alimwambia, akihema.

"Si baba yangu, ni mwanangu," alisema Boke. "Shati la mwanangu."

Benedikta alikuja kusaidia kulifua lile shati, au alikuja kucheka. Kwake mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Walikaa na beseni katikati yao, na Debora akayatoa yaliyokuwa moyoni.

"Mimi nilimfulia yule mpaka soksi, Benedikta. Akamwandika mtoto."

"Kwani kwenye fomu kuna sehemu ya shemeji?"

"Hakuna."

"Basi umeshajijibu."

"Nimejijibu," alisema Debora. "Lakini bado inauma."

Benedikta alilikamua shati bila kusema kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa huruma kubwa. Kisha akasema, "Afadhali wewe mkwe wako sasa anakuchekeaga. Yule wa kwanza alikuwaga na ulimi."

Hilo lilimfanya Debora atabasamu. Boke mkubwa alikuwa na ulimi kweli. Debora aliolewa kutoka Bukima, kando ya ziwa, na tangu siku ya kwanza mkwewe alisema kwamba watu wa ziwani hawajui kusonga ugali, ugali wao una maji kama nyumbani kwao. Aliwapa wakamwana wote wa ukoo kitenge kila mmoja alipofika, isipokuwa Debora. "Wewe nitakupa," alimwambia, "siku utakapopika ugali wa kueleweka." Miaka minne Debora alisonga ugali kwa mikono miwili. Siku moja aliusonga mgumu hadi mwiko ukavunjika, na mama mkwe akala, akanawa, akasema leo umekaribia. Akafariki kabla ya siku yenyewe kufika.

*

Walishuka Bunda saa saba mchana, Debora na gauni lake la bluu, Boke na kilemba alichokidai mwenyewe na kukishikilia kwa mkono njia nzima kisianguke. Uwanja wa chuo ulikuwa nyuma ya mabweni. Boke hakuwahi kuona watu wengi namna ile mahali pasipo na padri. Wanafunzi walikuwa wamepaka nyuso zao rangi ya kijani, mmoja anapiga ngoma ya plastiki, mwingine amevaa ndoo kichwani bila sababu yoyote. Magari mawili ya Musoma yalikuwa yamemwaga vijana wenye jezi za njano ambao walikuwa tayari wanaimba kwamba wameshinda.

"Hawa wote wamemjia mwanangu?" Boke aliuliza.

"Wote."

Boke alikinyoosha kilemba chake.

Chini ya turubai palikuwa na viti vya wazazi, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina. Vyote vilikuwa viti vya plastiki vya kawaida isipokuwa kimoja cha mbele, cha mbao, chenye mto laini na kigoda cha kuwekea miguu. Juu ya mto palikuwa na sahani ya ndizi mbivu zilizokatwakatwa vipande vidogo. Karatasi ilisema Bi. Boke.

Mwalimu wa michezo aliitwa Leodgar, mtu wa Songea, mwembamba, ana filimbi shingoni na orodha mkononi. Alikuwa na mwaka mmoja tu mkoani Mara, na siku hii aliipanga yeye mwenyewe, tangu barua hadi soda. Alimkimbilia Debora kwa furaha.

"Karibuni sana. Mmetoka na Bi. Boke?"

"Nipo," alisema Boke.

Mwalimu alimpapasa kilemba. "Sawa, mtoto mzuri. Naongea na mama kwanza." Akamgeukia Debora. "Bibi amebaki kwenye gari? Niwatume vijana wakambebe. Mugeta amenieleza hali yake."

"Amekueleza nini?"

"Kwamba anachoka haraka, asisimame muda mrefu. Na ana shida ya meno, hawezi vitu vigumu. Ndiyo maana tukaweka ndizi."

Debora aliuma midomo. Alimjua Mugeta tangu anavaa kaptula, na alimuona kabisa akimwambia mwalimu maneno hayo kwa uso mkavu, neno kwa neno, bila uongo hata mmoja ndani yake.

"Mwalimu," alisema, "Bi. Boke ndiye huyu."

Leodgar alitazama chini. Boke akafungua kinywa akamwonyesha pengo.

Wazazi waliokaa karibu waliangua kicheko. Wengi walikuwa watu wa hapohapo, walielewa mara moja, na mama mmoja alicheka hadi akashika mbavu. Lakini Leodgar hakuwa wa hapohapo. Alichoona ni kwamba amechezewa na mwanafunzi mbele ya watu, mkuu wa chuo amekaa kwenye jukwaa hatua thelathini kutoka pale, na timu ya Musoma inatazama. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Amepewa jina la marehemu mama yao," Debora alieleza. "Kwetu huku akishachukua jina, ndio mama mwenyewe. Mugeta hakukudanganya."

"Marehemu," alisema Leodgar polepole. "Dada yangu, nakuheshimu. Lakini hapa nitasimama na kipaza sauti niseme sasa anaingia mzazi, halafu aingie mtoto wa chekechea? Wale watatuimba mpaka Musoma. Na kijana mwenyewe watamcheka." Alifikiri. "Mugeta anakaa kwa nani?"

"Kwetu. Mume wangu ni kaka yake."

"Tangu lini?"

"Tangu form two. Mama yake alipofariki."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemlea." Leodgar alitulia, akaonekana mtu aliyepata njia. "Basi mzazi ni wewe. Mimi sihitaji mwingine. Ingia wewe umvike, mtoto atakaa hapa ale ndizi zake. Nafuta hapa, naandika hapa." Akaiegemeza orodha kwenye mkono, akatoa kalamu. "Jina lako kamili nani?"

Debora aliitazama kalamu. Miaka sita alikuwa ameilaza foleni ile ya kikao kifuani mwake, na leo mwalimu mwenye kalamu alikuwa amesimama mbele yake akimuuliza jina, anataka kumwandika. Hakuna ambaye angemlaumu. Mugeta angefurahi, au angalau asingekasirika. Makongoro angesema vizuri. Ilibaki kulitaja jina tu.

Alimtazama Boke. Mtoto alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mambo yanaharibika, ingawa hakujua kwa nini. Hakulia. Alikuwa amekamata mikono yake miwili mbele kama alivyofundishwa kukaa kanisani, mdomo wa chini unatetemeka, na alikuwa anamsubiri mkamwana wake aseme.

"Naitwa Debora," alisema Debora. "Ila usiniandike."

"Dada..."

"Mama yake ni huyu. Amefanya mazoezi wiki mbili, mwalimu, mpaka ng'ombe wetu wamevaa mashati. Mimi nimemsindikiza tu."

Alipolisema hilo liliuma tena, papo hapo, na aliliacha liume.

Hapo mzee mmoja kutoka Guta, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kilichoandikwa Clementi, aliinuka. Mwanawe alikuwa mshambuliaji. Alivua kofia yake, akaja taratibu hadi mbele ya Boke, akainama.

"Umeshindaje, mama?"

"Salama, mwanangu," alisema Boke, sauti ikitetemeka. "Wa nyumbani?"

"Hawajambo." Mzee Clementi aliirudisha kofia kichwani, akamgeukia Leodgar. "Mwalimu, mimi mjukuu wangu wa miaka mitatu ana jina la baba yangu. Nikimkalipia namwombaga radhi jioni ileile. Huyu unayetaka kumwacha kwenye ndizi ni mkubwa wetu wote hapa. Mwache aingie. Atakayecheka ni mgeni."

"Mimi ndiye mgeni," alisema Leodgar. Alitazama orodha, akamtazama mtoto, akaanza kucheka mwenyewe, kwanza puani, kisha kwa kweli. Akairudisha kalamu mfukoni. "Huyu Mugeta. Meno, anasema. Nitamkimbiza mizunguko kumi."

*

Wachezaji wa mwaka wa mwisho walikuwa wanne. Waliitwa mmoja mmoja, vifua wazi, kila mmoja akiwa na mzazi ubavuni. Mzee Clementi alimvika mwanawe kwa mkupuo mmoja, watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa Nyamuswa alilia, mwanawe akalia, watu wakapiga makofi zaidi. Kisha Leodgar akakohoa kwenye kipaza sauti.

"Golikipa wetu, Mugeta. Anaingizwa uwanjani na mama yake, Bi. Boke, kutoka Butiama."

Boke aliingia ameshika kidole kimoja cha Mugeta. Mkono mwingine ulikuwa umeikumbatia jezi ya kijani, nayo ilikuwa inaburuta. Upande wa Musoma kulitokea kelele ya mshangao, kisha kicheko, na ngoma ya plastiki ikakosa mdundo. Debora alibaki nyuma ya kamba pamoja na wasindikizaji wengine, mikono ameishika mdomoni.

Walifika katikati. Boke alimtazama mwanawe kwenda juu, mbali sana.

"Inama," alisema.

Mugeta aliinama. Bado juu. Akapiga magoti. Boke akaipata shingo ya jezi, akairusha juu ya kichwa kama alivyomrushia ndama, lakini jezi ya golikipa ina mikono mirefu na shingo ya kubana, na ikakwama masikioni. Akavuta. Ikapinda. Mkono wa Mugeta ukatokea mahali pa kichwa. Sasa uwanja mzima ulikuwa unacheka, wa kijani na wa njano, kicheko kizuri tu, lakini mtoto hajui kukipima kicheko. Debora aliona mabega madogo yakipanda na kushuka. Aliona Boke anaiachia jezi na kugeuka, anatafuta kitu kwenye zile nyuso zote.

Leodgar alikuwa amesimama karibu mno nao, kipaza sauti chake kikiwa wazi.

"Mkamwana!"

Sauti ya Boke ilitoka kwenye spika zote nne.

"Mkamwana, njoo! Hauoni mtoto ananishinda?"

Akina mama wote chini ya turubai walipiga vigelegele kwa pamoja, maana hakuna aliyekuwa na mama mkwe ambaye hakuijua sauti ile. Mtu alimsukuma Debora mgongoni. Hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa ameshapita chini ya kamba, anakwenda mbio kwenye nyasi na viatu vyake vya kanisani, na hakukumbuka hata mara moja kwamba watu wanamtazama.

Alishika pindo la jezi upande mmoja, Boke akashika upande wa pili, wakavuta. Kichwa cha Mugeta kikachomoza, nywele zimesimama, na uso wake ulikuwa unacheka.

"Umechelewa, shemeji," alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza. Ingiza mkono."

Mugeta aliingiza mkono. "Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja," alisema. "Nikamwandika mwenye mikono mifupi. Nilijua hatafika peke yake."

Debora alimtandika kofi la bega, kofi la kweli, na machozi yakamtoka palepale mbele ya vyuo viwili. Alitaka kumwambia kwamba yeye ni mjinga, kwamba angeweza kupiga simu akasema hivyo, kwamba wiki mbili amesugua masufuria hadi yamekonda. Alichosema ni, "Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo," alisema Boke, akimpangusa vumbi la magoti.

*

Kuhusu mpira wenyewe, Boke alikuwa na malalamiko. Aliyatoa akiwa kwenye kiti chake cha mbao, miguu juu ya kigoda, mdomo umejaa ndizi, na mzee Clementi akamsikiliza kwa adabu.

"Mbona wamemtenga mwanangu? Wenzake wote wanacheza kule, yeye amesimama peke yake."

"Analinda nyumba, mama."

"Hawamgusishi hata mpira."

"Ukija utamfikia."

Ulikuja dakika ya ishirini na kitu. Mugeta alikuwa ameinua mkono kumpungia mama yake, ambaye alikuwa amesimama juu ya kigoda anampungia kwa kilemba, na kijana mmoja wa njano akaona hiyo ndiyo nafasi. Akapiga tokea mbali. Mpira ulidunda mara mbili ukaingia taratibu, bila aibu, hadi kwenye wavu.

Upande wa kijani ulishika vichwa. Chini ya turubai palikuwa kimya kabisa, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anarukaruka na kupiga vigelegele vya pengo.

"Ameupata! Mkamwana, mwanangu ameupata mpira! Umeingia kwake!"

Watu waligeuka. Kule golini Mugeta alisikia, akafunika uso wake kwa glovu zote mbili, na mabega yake yakatikisika. Debora alifikiria kueleza, akafungua kinywa, akakifunga.

"Ameupata," alisema.

"Pigeni makofi basi," Boke aliwaambia wazazi wengine, na mzee Clementi, ambaye timu ya mwanawe ilikuwa imefungwa goli la kijinga kuliko yote aliyowahi kuyaona, akapiga makofi.

Kipindi cha pili mwanawe mzee huyo alisawazisha kwa kichwa. Boke alisikitika kidogo kwa golikipa wa wenzao, maana naye sasa alikuwa ameupata mpira na mama yake hakuwepo kushangilia. Mechi ikaisha sare, moja kwa moja. Vijana wa Musoma waliimba kwamba wameshinda, wale wa Bunda nao wakaimba kwamba wameshinda, na Leodgar akamkimbiza Mugeta mizunguko kumi kama alivyoahidi, ila mitatu ya mwisho alikimbia naye.

*

Mwishoni palikuwa na zawadi. Leodgar aliwapa akina baba kofia na akina mama vitenge. Alipofika kwa Boke alikunja magoti kabisa, akakitoa kitenge kwa mikono miwili, cha kijani chenye maua makubwa meupe.

"Mama, utusamehe."

"Haina shida," alisema Boke. Alikinusa kitenge. Kilinuka harufu ya dukani.

Jua lilikuwa linaelekea ziwani, na gari la Butiama lilikuwa linasubiri abiria stendi. Mugeta aliwasindikiza hadi getini akiwa bado na jezi, na kila walipopita wanafunzi walimwamkia mama yake. Hatua chache kabla ya geti, Boke alisimama katikati ya njia.

"Nimechoka," alisema. "Mkamwana, nibebe."

"Sijaja na khanga ya kubebea."

"Hiki hapa."

"Hicho ni zawadi yako. Kipya. Kitachafuka."

Boke alikitazama kitenge, akamtazama Debora. Alikuwa na usingizi tayari, jicho moja limeanza kufumba.

"Nimekupa," alisema.

Mugeta alikuwa anatazama pembeni, kwa sababu naye aliijua habari ya vitenge. Aliichukua mikono ya Boke akampandisha mgongoni kwa Debora, akamshikilia huku shemeji yake akikikunjua kitenge, akikizungusha, akikifunga fundo kifuani. Fundo lilikuwa gumu kulikaza, kitambaa kilikuwa bado na ile gundi ya kiwandani. Debora alilikaza mara mbili.

Walipovuka barabara, kichwa cha Boke kilikuwa kimeshalala begani. Debora alitembea hatua kadhaa, joto la mtoto limemwenea mgongo mzima, kitenge kinanuka harufu ya upya. Kisha akageuza shingo kidogo.

"Mama," alisema. "Kwani ugali wangu siku hizi ukoje?"

Alidhani amelala. Lakini kichwa kilijigeuza upande wa pili, kikapata mahali pazuri.

"Mzuri," alisema Boke. Akapiga mwayo. "Ila wa jana ulikuwa na maji."

Debora alicheka peke yake hadi stendi.